Luku Inaisha

Nilimpangisha chumba cha uani, Ujiji,
kile kilichokuwa banda la bata,
elfu saba kwa mwezi, umeme tuchangie.
Akaja na kompyuta ndani ya shuka,
kaibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa,
na trei tupu za mayai, mia na kitu.
Nikamuuliza: kuku wako wapi?
Akasema: mama, hizi ni za kufugia sauti.

Jina lake Bukuru. Basi nikauliza tena,
maana kwa Waha jina hilo haliji peke yake:
na Butoyi yuko wapi?
Akaendelea kugongomea trei ukutani.

Kazi yake ya usiku.
Dum, akairudisha. Dum, akairudisha.
Dum moja tangu isha mpaka alfajiri,
kama mtu anayetafuta ufunguo mchangani.
Vijana wa Kibirizi walikuja wananuka dagaa,
wakaimba mapenzi ambayo hawajayaona,
wakamlipa migebuka, wakamlipa ahadi.
Mimi nahesabu yuniti.

Usiku mmoja nikasukuma mlango, upawa mkononi:
We Bukuru! Luku inaisha!
Kumbe maiki ilikuwa wazi.

Sauti yangu ikapanda treni, mimi nikabaki.
Sijavuka Uvinza hadi leo;
yenyewe imelala Dar es Salaam,
imecheza harusi za Bujumbura na Lubumbashi.
Kila wimbo alioutengeneza,
kabla ya ngoma, kabla ya gitaa,
mwanamke anafoka: We Bukuru! Luku inaisha!
na ukumbi mzima unaruka.
Nimeisikia kwa kinyozi.
Nimeisikia msibani, simu ya mtu ilipolia katikati ya dua.
Mjukuu wangu alisema shuleni, huyo ni bibi yangu;
wakamzomea siku mbili.

Huko mjini wakalikata jina, wakamwita Buku,
kama noti, na kama noti akapita mikononi.
Akaanza kuimba mwenyewe. Niliona picha:
miwani ya jua usiku, gari jeupe,
na kwenye kioo cha gari, ukitazama vizuri,
mwenye gari anasubiri arudishiwe.
Meneja akala minofu, kampuni ikala kichwa,
yeye akaachiwa miiba, akaambiwa ashukuru.
Sikuletewa hata sukari. Nasema kweli, sikuletewa.
Kodi ya miezi minne imo daftarini,
chini ya deni la mkaa.

Mwaka jana akashuka stesheni na begi moja,
akaja moja kwa moja mpaka uani,
akakuta bata wamerudi chumbani mwao.
Nikamsemesha upande wa kulia, kimya.
Nikadhani amepata kiburi.
Spika, mama, akasema. Miaka kumi na tisa ya spika.

Jioni akatoa simu, akanitia waya,
sikio hili, sikio lile.
Wimbo wake wa kwanza, ule wa banda la bata.
Kushoto ni mimi, akasema. Sasa sikiliza kulia.
Sauti ile ile, ila nyuma kidogo,
kama mtoto anayekimbia njiani
amfikie mwenzake.
Kila kiitikio nilikiimba mara mbili.
Ya pili si yangu.
Surua ilimchukua, tuna miaka sita.

Na sikio lililokufa ndilo hilo la kulia.

Sikujua la kusema; mimi ni mtu wa kufoka.
Nikabeba kigoda changu
nikahamia kushoto kwake.
Bata wakanung'unika, wakatulia.
Mara mita ikaanza kulia ukutani, pi, pi, pi,
naye hakuisikia, aliona taa nyekundu tu,
akanigeukia, akanitazama mdomoni,
akingoja.

Sikufoka.
Nikafungua pindo la khanga,
nikamtuma mjukuu dukani
akanunue umeme wa buku mbili.